Betri ya Laptopu Haikai na Chaji: Ipime Kabla Hujaihukumu

Watu wengi wanaoniletea laptopu huja na hukumu tayari: "Fundi, betri imekufa, nitafutie nyingine." Nikiuliza imekufaje, kila mmoja ana lake. Huyu inamzimikia ikifika asilimia 30. Yule inasoma 100, akichomoa waya tu, giza. Mwingine taa ya chaji inawaka usiku kucha na asubuhi bado inasoma 0. Na yupo asiye na kisa chochote, ila zamani alikuwa akimaliza asubuhi nzima bila waya na sasa saa moja na nusu ni bahati. Malalamiko ni manne, magonjwa ni zaidi ya manne, na mengine wala hayamo ndani ya betri.

Niseme mapema kitu ambacho wauza programu za "kufufua betri" hawatakuambia: seli ya lithiamu, yaani kile kipande ndani ya betri kinachotunza umeme, ikizeeka hairudi ujanani. Kila ukichaji na kutumia, ayoni za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja wa seli hadi mwingine. Upande wa grafaiti hujengeka utando mwembamba ambao hula sehemu ya lithiamu hiyo na kuifungia humo. Utando huo huendelea kunenepa hata laptopu ikiwa imelala kabatini, na joto huuharakisha. Hakuna programu inayoweza kuitoa lithiamu iliyokwisha kufungwa.

Kinachofufuka ni vile vinavyoizunguka seli: kipimo kinachosoma uongo, saketi ya ulinzi iliyojifunga, adapta mbovu, viunganishi vichafu, mipangilio iliyosahauliwa, na programu zinazokunywa umeme kimyakimya. Ndiyo maana mimi sifungui hata skrubu moja kabla ya kuona namba. Isipokuwa kwa jambo moja, na hilo ndilo la kwanza kuangalia.

Je, imevimba?

Dada mmoja mhasibu aliniletea laptopu akilalamika kwamba kitufe cha kushoto cha tachipadi hakibonyezeki. Alishanunua kipanya cha nje na kuzoea, shida ya betri aliitaja kama nyongeza tu. Nikaiweka juu ya meza bapa: ikayumba, kona moja haigusi. Nikaitazama kwa ubavu usawa wa macho, nikaona upenyo mwembamba kati ya tachipadi na fremu, mpana zaidi upande wa kushoto. Nilipolegeza skrubu za katikati, kifuniko cha chini kilijiinua chenyewe. Ndani, seli mbili kati ya nne zilizotakiwa kuwa bapa zilikuwa zimetuna, na karatasi ya rangi ya fedha inayozifunika imekazika hadi inang'aa. Tachipadi ilikuwa nzima kabisa, ila ilikuwa inasukumwa kutoka chini.

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili za uvimbe ni hizo: tachipadi ngumu au iliyoinuka, kibodi kupanda katikati, kifuniko kisichofunga vizuri, laptopu kuyumba mezani. Kilichomo ndani ni gesi inayotokana na kuoza kwa kimiminika cha seli, na gesi hiyo inashika moto. Ukiona hivyo, habari ya kufufua imeishia hapo. Zima, chomoa adapta, usiichaji tena hata kidogo, usiibonyeze irudi bapa, na usithubutu kuitoboa "ili hewa itoke". Ushauri huo wa kutoboa nimeusikia kutoka kwa watu wazima wenye akili zao timamu, na kila mara nywele zinanisimama.

Kama imefungwa kwa skrubu tu, inaweza kutolewa kwa utulivu: chomoa kwanza kiunganishi chake kwenye ubao mkuu wa saketi, kisha skrubu, kisha iinue. Kama imegandishwa kwa gundi, ipeleke kwa fundi aliyewahi kuzitoa, kwa sababu kuing'oa kwa bisibisi ndiko kunakoleta moto. Ikianza kutoa sauti ya mvuke au harufu tamu kama kiondoa rangi ya kucha, toka nje uwatoe na wenzako. Moshi wake ni sumu.

Soma ripoti

Haijavimba? Vizuri. Sasa tuiulize yenyewe. Kila betri ya laptopu ina kichipu kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka, na kompyuta inaweza kukusomea daftari lake bila kusakinisha chochote.

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport kisha bonyeza Enter. Itakuambia imehifadhi faili gani na wapi, lifungue kwa kivinjari. Yapuuze mengine kwanza, tafuta mistari mitatu: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake wa leo ikijaa, na CYCLE COUNT, idadi ya mizunguko. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika, hata kama umeitumia kwa mafungu. Nusu leo na nusu kesho ni mzunguko mmoja.

Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option, bofya tufaha la juu kushoto, fungua System Information, kisha Power. Utaona Cycle Count na Condition. MacBook nyingi za miaka hii zimekadiriwa mizunguko 1,000. Kwenye Linux, ingia folda ya /sys/class/power_supply/BAT0 usome energy_full na energy_full_design, au charge_full na charge_full_design kwa baadhi ya mashine. Anayependa kitu nadhifu zaidi atumie programu ya upower.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Uwezo wa leo gawanya kwa uwezo wa kiwandani, zidisha kwa mia. Tuseme ripoti inasema 47,520 mWh (mWh elfu moja ni wati-saa moja) kiwandani na 31,400 leo: hiyo ni asilimia 66. Vipimo vyangu mimi ni hivi. Juu ya 80, betri iachwe kwa amani, tafuta ugonjwa kwingine. Kati ya 60 na 80 ni uzee wa kawaida, unaishi nao ukijipanga. Chini ya 50, anza kuweka akiba ya betri mpya, ingawa kama laptopu yako inakaa mezani na waya muda wote, hata 40 inaweza kukutosha kwa kukukinga umeme ukikatika.

Usiishie kwenye asilimia, shuka chini kwenye sehemu ya historia ya uwezo. Hapa ndipo fundi anapojua anachokitibu. Uwezo ukishuka pole pole, wiki hadi wiki, huo ni uzee halisi. Ukiporomoka ghafla, leo 38,000 na wiki ijayo 19,000, ama kipimo kimepotea njia, ama kundi moja la seli limekufa. Kipimo kinatibika, seli haitibiki, na jinsi ya kuvitofautisha tutaiona chini. Na ukikuta uwezo wa leo umelingana na wa kiwandani mpaka tarakimu ya mwisho, na mizunguko inasoma sifuri au kistari, kwenye betri iliyotumika mwaka mzima, ujue kichipu hicho hakisemi kweli. Betri nyingi za bei rahisi ziko hivyo, na ripoti yake haina maana.

Ni betri au ni mzigo?

Muda wa laptopu kukaa bila waya ni hesabu moja tu: umeme uliopo, kwa wati-saa, gawanya kwa unaotumika, kwa wati. Ile betri ya 31,400 mWh ni wati-saa 31.4. Ukiandika barua kwa mwangaza wa wastani, laptopu ndogo inaweza kutumia kama wati 8, utapata karibu saa nne. Fungua video, vichupo 40 vya kivinjari na mwangaza wa juu kabisa, ikafika wati 16, saa mbili hazitimii. Betri ni ile ile.

Ripoti ile ya Windows ina sehemu ya matumizi inayoonyesha muda na umeme ulioshuka. Ukikuta umetumia 12,000 mWh kwa dakika 45, unatumia wati 16, na kama ulikuwa unasoma tu hati, kuna kitu kinakunywa umeme pembeni. Mara nyingi nakuta kivinjari, programu ya kusawazisha mafaili inayozunguka mahali pamoja, au feni iliyojaa vumbi inayofanya mashine ichemke na kuhangaika. Kioo chenye kasi ya kubadilisha picha ya 120 au 144 Hz (mara kwa sekunde) nacho kirudishe 60 ukiwa huna waya.

Wapo pia wanaofunga kifuniko jioni ikiwa 70 na kufungua asubuhi ikiwa 45, wakidhani betri inavuja. Laptopu nyingi za sasa zikifunikwa hazilali, zinasinzia tu huku zikipokea barua pepe na masasisho. Weka mpangilio kwamba kufunga kifuniko kuipeleke Hibernate, ule usingizi mzito, halafu tazama tena asubuhi.

Adapta kabla ya betri

Laptopu ikikataa kuchaji, mshtakiwa wa kwanza ni adapta. Geuza adapta usome maandishi madogo: volti zidisha kwa ampea upate wati. Volti 19.5 na ampea 3.34 ni wati 65. Laptopu iliyozaliwa na adapta ya 65 ukiipa ya 45, inaweza kuchaji ikiwa imezimwa lakini ukiwa kazini chaji ikasimama au hata ikashuka. Kwa zinazotumia USB-C tatizo ni kubwa zaidi, maana plagi za simu zinaingia vizuri kabisa, na laptopu inachukua kile kidogo inachopewa au inakataa kabisa. Kebo nazo si sawa, kuna zilizotengenezwa kwa wati 60 na kuna za 100 na zaidi.

Dell na HP nyingi zenye plagi ya duara zina sindano nyembamba katikati ya plagi. Kazi yake ni kuitambulisha adapta kwa laptopu. Sindano ikipinda, au waya wake ukikatika karibu na shingo pale kebo inapokunjwa kila siku, laptopu itawaka na kufanya kazi, ila itakataa kuchaji betri kwa sababu haimjui mgeni wake. Ingia kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayotangulia kabla Windows haijawaka, sehemu ya betri, uone kama aina ya adapta inatambuliwa. Ikisema haijulikani, jaribu adapta nyingine halisi kabla ya kutoa shilingi kwa ajili ya betri. Wenye multimeta, yaani kipimo cha umeme, wapime plagi: kwa adapta nyingi za zamani utasoma volti kati ya 19 na 20. Volti ikichezacheza unapotikisa kebo, umempata mwizi.

Halafu kuna mipangilio. Mwalimu mmoja mstaafu alinipigia akisema betri yake imeanza kuzeeka, haipandi zaidi ya 60.

"Mwalimu, inakwamia 60 kila mara, au siku nyingine 58, siku nyingine 63?"

"Kila mara 60, fundi, hata chembe haiongezeki."

Betri mgonjwa haina nidhamu ya namna hiyo. Ndani ya programu ya mtengenezaji, mtu aliyemsaidia kusakinisha vitu alikuwa amewasha kikomo cha chaji. Mpangilio huo ni mzuri sana, tutaurudia, ila ni vema mwenye mashine ajue kwamba upo. Ukikuta laptopu inasimama 60 au 80 kamili, tafuta kikomo hicho kwenye programu ya mtengenezaji au kwenye BIOS kabla ya kingine chochote.

Kuizindua iliyojifunga

Saketi ya ulinzi wakati mwingine hujifunga baada ya umeme kupanda ghafla au baada ya betri kukauka. Kuizindua hakuhitaji ujanja. Zima laptopu, chomoa adapta. Kama betri inatoka, itoe, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa sekunde 30 ili chaji iliyobaki kwenye ubao iishe. Irudishe, chomeka adapta, iache dakika 20 bila kuiwasha. Kama betri iko ndani, baadhi ya ThinkPad zina kitundu kidogo mgongoni cha kubonyeza kwa kipini, nyingine zina chaguo la kuzima betri ya ndani kwenye BIOS. Zilizobaki itabidi ufungue kifuniko uchomoe kiunganishi cha betri. Ukiwa humo, angalia pini. Zenye ukungu wa kijani au weusi zisafishwe kwa pamba ndogo na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ziachwe zikauke kabisa.

Kwenye Windows ongeza hatua hii: fungua Device Manager, sehemu ya Batteries, bofya kulia kwenye mstari wa Microsoft ACPI-Compliant Control Method Battery, uondoe, kisha uwashe upya. Windows itauweka tena yenyewe. Haiponyi seli, lakini imewahi kuondoa ile "plugged in, not charging" (imechomekwa, haichaji) mbele ya macho yangu mara nyingi kiasi kwamba siiruki.

Betri iliyolala miezi mingi ikiwa sifuri ni habari nyingine. Seli moja ya kawaida ya lithiamu ikijaa ina volti 4.2, inayoandikwa kwenye lebo ni 3.6 au 3.7, na ikifika karibu 3 inahesabiwa kuwa tupu. Ikiendelea kushuka chini ya 2.5, saketi ya ulinzi inakata. Ukiichomekea adapta, chaja yenye akili haiipigi umeme mwingi, inaipa kidogo kidogo kwanza ikiangalia kama volti inapanda. Kwa hiyo subira. Iache saa kadhaa kwenye chaji ikiwa imezimwa, mahali pasipo na nguo wala karatasi, wewe ukiwa karibu, huku ukigusa mgongo wake mara kwa mara. Ikiamka, iangalie kwa siku chache za mwanzo. Ikipata joto bila kazi, acha kuitumia.

Isipoamka, basi. Kuna wanaoigusishia waya za betri nyingine au chaja ya mezani moja kwa moja kwenye seli ili "kuistua". Wakati mwingine inaamka kweli, na hapo ndipo penye hatari. Seli iliyokaa chini mno, shaba ya ndani yake huyeyuka, na ukianza kuichaji shaba hiyo hujijenga upya mahali pasipo pake, ikaunganisha kilichotakiwa kutenganishwa. Inaweza kufanya kazi wiki nzima kisha ikashika moto ukiwa umelala. Mimi sifanyi, hata mteja anisihi vipi.

Kupatanisha kipimo

Hii ndiyo tiba ninayoiamini kuliko zote, kwa ugonjwa wake halisi: laptopu inayozima ghafla ikisoma 20 au 30, au inayoruka kutoka 55 hadi 12. Kile kichipu kinahesabu umeme unaopita, lakini hesabu yoyote isiyofungwa hukusanya makosa. Ukiwa mtu wa kuchomeka na kuchomoa ikiwa kati ya 40 na 90 kila siku, kichipu hakipati kuona juu kabisa wala chini kabisa, na makadirio yake yanaanza kuelea.

Zima kwanza kikomo cha chaji, la sivyo utapoteza siku. Chaji hadi 100, kisha iache kwenye waya saa mbili nyingine ili seli zitulie na zisawazishane. Chomoa. Itumie kwa kazi nyepesi, mwangaza wa wastani, bila kuiacha isinzie, mpaka ijilaze yenyewe kwa Hibernate au izime. Usiiwashe tena. Iache saa tatu hadi tano ipoe. Kisha ichaji hadi 100 bila kukatiza hata dakika moja. Toa ripoti upya uilinganishe na ile ya kwanza.

Majibu yanaweza kwenda pande mbili. FULL CHARGE CAPACITY inaweza kupanda, maana kipimo kilikuwa kinaipunja betri. Au inaweza kushuka, na hapo watu hunijia juu wakisema nimewaharibia. Sijaharibu kitu, betri ilikuwa hivyo tangu mwanzo, ila ilikuwa inatangaza kilichokuwa hakipo. Faida yake ni kwamba sasa ikisoma 10 ni 10 kweli, inakuonya mapema, unahifadhi kazi yako. Kwa mtu aliyekuwa anapoteza kurasa kila inapozima ghafla, huo ni ufufuo tosha.

Kama baada ya kuirudia mara mbili bado inazima kwenye 25, jibu limepatikana: ni seli. Ndani ya betri ya volti 10.8 au 11.1 kuna makundi matatu ya seli yaliyopangwa mfululizo. Kundi moja likichoka kuliko wenzake, volti yake huporomoka kwanza, saketi ya ulinzi inakata wote ingawa mawili mengine bado yana chaji. Kipimo hakina kosa tena. Betri hiyo ni ya kubadilisha.

Usifanye zoezi hili kila mwezi. Kukausha betri kabisa kunaichosha, fanya tu dalili zikionekana, au mara mbili hivi kwa mwaka. Mazoea ya "ikaushe kwanza ndipo uchaji" yametoka kwenye betri za nikeli na kadimia, zilizokuwa na tabia ya "kukumbuka" pale zilipozoea kuchajiwa na kupoteza uwezo. Sony walianza kuuza lithiamu-ioni mwaka 1991, na mpaka leo ushauri wa enzi za nikeli haujastaafu. Na ule wa kuweka betri kwenye friza uusahau kabisa. Baridi hupunguza kasi ya kuzeeka kwa betri iliyohifadhiwa, hairudishi kilichopotea, na ukiitoa unyevu unajikusanya kwenye pini. Kuichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 ni kuiua, kwa sababu lithiamu hujipaka juu ya grafaiti badala ya kuingia ndani.

Kubadilisha seli mwenyewe

Kwa pakiti za zamani zenye seli za duara za 18650, ambazo ni milimita 18 kwa 65, wapo wanaofungua plastiki na kuweka seli mpya. Nawaheshimu wanaojua. Lakini seli zote ziwe za aina na umri mmoja, ziunganishwe kwa mashine ya kuchomelea nukta kwa nukta maana joto la kulehemu kwa risasi huziumiza, na baada ya kazi yote hiyo kichipu kinaweza kukumbuka kwamba kilizimwa kikakataa milele. Kama unafanya kwa kujifunza, sawa. Kama unataka laptopu ya kazini kesho, nunua pakiti nzima.

Ukinunua

Tafuta kwa namba iliyoandikwa juu ya betri yenyewe, si kwa jina la laptopu, kwa sababu jina moja linaweza kubeba betri tatu tofauti. Betri za volti 10.8 na 11.1 ni ndugu, zinabadilishana ikiwa umbo na plagi vinalingana. 11.4 si ndugu yao, seli zake hujazwa hadi volti ya juu zaidi, usichanganye.

Kisha piga hesabu ya lebo. Volti zidisha kwa ampea-saa lazima itoe wati-saa zilizoandikwa. Lebo inayosema volti 11.1, 6,600 mAh (yaani ampea-saa 6.6) na 48 Wh (wati-saa) inajipinga yenyewe, kwa sababu 11.1 mara 6.6 ni 73. Pima uzito pia. Seli moja ya 18650 ina kama gramu 45 hadi 50, hivyo pakiti ya seli sita ikiwa na gramu 200, zilizobaki ni hewa. Na seli ya 18650 inayodai 9,900 mAh usiibishie, iache tu hapo hapo dukani. Uliza tarehe ya kutengenezwa, betri huzeeka hata ikiwa ndani ya boksi.

Ukishaifunga, toa ripoti siku hiyo hiyo uihifadhi. DESIGN CAPACITY ikiwa chini ya ilivyoandikwa kwenye lebo, irudishe ungali na risiti.

Kuishi nayo

Kinachoua betri haraka kuliko vyote ni chaji kamili pamoja na joto, kwa muda mrefu. Laptopu inayoshinda kwenye waya, iwekee kikomo cha 80, uiondoe ukiwa na safari. Kwenye Linux mashine nyingi huruhusu kuandika 80 ndani ya charge_control_end_threshold, au utumie programu ya TLP. Usiitumie juu ya godoro, matundu ya hewa yako chini. Ukiihifadhi kwa miezi, iache ikiwa karibu nusu, izime kabisa, na uiamshe kila baada ya miezi sita uipe chaji kidogo.

Betri ya zamani uliyoitoa isiingie kwenye pipa la takataka za kawaida, inabanwa kwenye gari la taka na kushika moto humo. Funika pini zake kwa utepe wa plastiki, iweke peke yake mahali pakavu mbali na vitu vinavyowaka, mpaka uipeleke panapokusanywa taka za elektroniki. Ile ya dada mhasibu niliiweka nje ya karakana, ndani ya ndoo ya chuma yenye mchanga, siku ile ile, na tachipadi yake ikarudi kubonyezeka bila kuguswa.